Opali ya Rhoda Kwenye Ndoo ya Kahawa

Jumatatu, 8 Julai

Tumemenya kahawa toka asubuhi. Mimi nazungusha mashine, Filomena anamimina. Mikono inanata kama ya mtoto aliyeachiwa asali. Filomena ni mdogo wangu wa mwisho, lakini kwenye kahawa yeye ndiye bosi na mimi kibarua. Nakubali. Duniani nimetawala kwingine.

Jana nilikuwa Liuli, kule ziwani. Nimerudi na jiwe.

Niandike vizuri leo, maana nikizeeka nitaongeza. Rhoda, mjane wa marehemu Yohana, muuza usipa, wale dagaa wa ziwa. Kuanzia Mererani mpaka Nampula sijaona mwanamke kama huyu. Nikimpigia hadithi ananiuliza, "Halafu?" Nikijibu, anauliza tena, "Halafu?" Mpaka hadithi inaishiwa petroli katikati ya njia. Toka Pasaka nateremka kwake kila nikipata nafasi. Jana nilimwambia wazi, nataka kumwoa. Aliingia ndani akatoka na kopo la chumvi. Ndani ya kopo kitambaa. Ndani ya kitambaa opali.

Opali! Mimi Gaudens, niliyeshika mawe ya safaya ya Tunduru kwa kiganja hiki, nilikaa kimya. Rhoda akaniuliza kama naumwa.

Habari ya jiwe ni hii. Yohana alipokuwa hai, yeye na Rhoda walimkuta Mhabeshi amelala kwenye shamba lao la muhogo. Mmoja wa wale wanaotoka kwao kutafuta Afrika Kusini. Malaria ilimwangusha, wenzake wakasonga mbele. Walimlaza jikoni, wakamnywesha uji, Yohana akambeba mgongoni mpaka zahanati. Hawakuelewana hata neno moja. Alipopata nguvu akafumua pindo la shati, akatoa jiwe hili, akaliweka kwenye kiganja cha Rhoda na kumfunga vidole. Akaondoka. Hawakupata kujua kama alifika.

Rhoda anataka jiwe liwe pete. Kasema hivi: "Itengeneze, Jumapili ya tarehe ishirini na moja uniletee. Mwisho wa mwezi nakuja Mapera na kaka yangu kuwasalimia ndugu zako. Nikija nimeivaa, umeshajibiwa. Nikija mkono mtupu, nimekuja kununua mahindi."

Nikamwambia jiwe limefika kwa daktari wake. Nilipanda basi la Kosta nikiwa mrefu kuliko mlango.

Jumatano, 10 Julai

Ukungu na ile baridi ya Umatengo inayouma masikio. Nimeshinda kwenye kibanda changu cha usonara, sokoni Mbinga. Heleni ya mke wa diwani inasubiri, cheni ya mtu inasubiri. Mimi naangalia jiwe.

Ukubwa wa punje ya kahawa, na umbo karibu lilelile. Tumbo huku, bapa kule. Mwili mweupe, weupe wa uji wa mchele. Ligeuze kidogo, moto unawaka. Nyekundu. Kisha kijani ya mgomba uliotoka kunyeshewa. Kisha ile bluu ya ziwa pale kina kinapoanza. Ukirudi kuitafuta nyekundu, haipo, imehama.

Safaya ina rangi yake, kama mtu mwenye shamba lake. Opali haina. Inaazima mwanga, inaupasua, inakurudishia vipande. Mnunuzi mmoja wa Sri Lanka alinieleza pale Tunduru kwamba ndani kuna vitufe vidogo kuliko vumbi, vimepangwa kama punje za mahindi kwenye gunzi, na mwanga unapenya katikati. Vikijipanga vizuri, ndiyo huo moto. Vikikaa ovyo, jiwe la kuwatupia kuku. Alieleza kwa Kiingereza, mimi nikaelewa kwa Kimatengo. Kama kuna kosa, limetokea njiani.

Shule niliishia darasa la sita. La saba nililiona kwa dirisha. Lakini nani Mbinga hii anaweza kueleza opali kama nilivyoeleza hapo juu? Nimesoma mara mbili. Safi sana.

Nimelilamba. Kila mchimbaji hulamba jiwe, mate ndiyo lenzi ya kwanza. Ulimi ukanasa. Jiwe liking'ang'ania ulimi sijawahi kuona. Nikacheka, nikasema hili nalo limenipenda.

Dismas dalali, jirani yangu wa kibanda, kaliangalia. "Uza." Haliuzwi. "Basi una homa." Inawezekana.

Kuna wanaosema opali ina mkosi. Kuna wanaosema ni jiwe la tumaini. Mwalimu Hezron, kaka yake Rhoda, mstaafu, Jumapili kule Liuli kasema ni jiwe la kinyonga na anayelisifia ni kinyonga mwenzake. Alisema mimi nikiwa palepale nakula samaki mbasa kwake. Sikukasirika. Mbasa ilikuwa nzuri.

Jumamosi, 13 Julai

Pete imesimama! Nimeyeyusha mkufu wa fedha nilioupata Nampula kwa njia ya halali kabisa, karata. Nimefua, nimekunja, nimechomea, nimepiga msasa. Kikombe cha jiwe kimekaa kama kimezaliwa hapo. Nimejisifu kwa sauti. Hakukuwa na mtu, nikajisikiliza mwenyewe.

Tatizo ni uchafu. Jiwe limekaa kwenye kopo la chumvi miaka. Lina mstari mweusi tumboni, na linanuka usipa. Nampenda Rhoda na nampenda usipa, lakini pete ya posa isinuke mboga.

Lazima lioshwe kabla sijalifunga.

Jumapili, 14 Julai

Misa. Halafu sengu kwa Baba Mdogo Otmar: wanaume wa ukoo, ugali mmoja, maharage, na maneno. Nikatangaza kwamba kuna mama wa Liuli.

Ugali ulisimama njiani kuelekea midomoni.

Kwanza ni Mwanglikana. Pili ni Mnyasa. Tatu, akasema Baba Mdogo, "Mwanamke wa usipa atajua nini kuhusu kahawa? Utamkuta ameanika samaki kwenye chanja, halafu kahawa ya ukoo mzima inarudishwa kwa harufu."

Wakacheka. Nami nikacheka, kuliko wote, ili wasinione uso. Nimeumia. Mke wangu alifariki, nikalea watoto, wamekwenda zao, nyumba ina kelele moja tu nayo ni yangu. Wao hawalali mle.

Baba Mdogo ni mzee mwema. Mwishoni kasema, "Aje, tumwone akila." Kwetu huo ni mlango, si ukuta.

Jumatatu, 15 Julai

Akili imenijia jioni, tukiwa tunavundika kahawa.

Marehemu mama alikuwa na rozari ya shaba. Ikichakaa, alikuwa anaitumbukiza kwenye ndoo ya kahawa iliyotoka kumenywa, inalala na ute wake, inachacha nayo. Asubuhi inatoka inang'aa kama imebarikiwa upya. Mapera nzima wanafanya hivyo. Medali, sarafu, kufuli, hata kijiko cha padri kimewahi kulala ndooni. Ute wa kahawa hauachi uchafu.

Nimelitia jiwe. Kwa heshima, katikati ya ndoo, maji juu.

Filomena kaniuliza nafanya nini. Nikamwambia sayansi.

Jumanne, 16 Julai

Siku mbaya.

Kwanza sikuliona. Mjinga gani anatumbukiza kitu chenye umbo la punje ya kahawa ndani ya ndoo ya punje za kahawa? Tukamwaga zote kwenye turubai. Zote nyeupe, zote zinateleza. Filomena anachambua upande huu, mimi ule. Ananiambia, "Kaka, sayansi imekimbia."

Amelipata yeye. Limezama mkononi mwake kwa uzito.

Nikalisuuza. Nikaliinua juani.

Hakuna kitu. Hakuna weupe, hakuna nyekundu, hakuna ziwa. Kipande cha kioo cha chupa, rangi ya chai iliyokolea. Naona kidole changu upande wa pili.

Nimeliua jiwe la Rhoda.

Sikula mchana. Filomena aliniletea viazi vitamu, vimepoa hapo kando. Si jiwe tu. Aliniwekea mkononi kitu ambacho mtu alikishona kwenye shati akavuka nacho nchi zote zile, halafu mimi nikakichanganya na kahawa.

Jumatano, 17 Julai

Nimeamka na mpango. Limelowa, basi likauke. Nikaliweka kwenye chanja pamoja na kahawa, jua likipanda. Nikakaa mbele yake kama mlinzi wa benki.

Saa sita Filomena kaja na maturubai kufunika kahawa, kama kila siku. Nikamwambia acha, jua ndiyo kwanza limepata nguvu. Akanitazama kama amekutana na mgeni. "Kaka, umezaliwa kwenye kahawa au kwenye gesti? Jua la saa sita linapasua ganda. Funika!"

Jua la saa sita linapasua.

Nililinyakua lile jiwe kama nyoka yupo njiani. Lilikuwa la moto. Nikaliangalia kwa lenzi, upande hadi upande. Halijapasuka. Asante Mungu. Asante Filomena, ingawa sikumwambia, atavimba kichwa.

Nikakumbuka mafuta. Sisi watu wa madini jiwe likifubaa tunalipaka mafuta ya mtoto, linawaka mpaka mnunuzi aondoke. Chupa ipo. Nikaifungua. Nikaona bora nimpigie kwanza Mzee Salumu, mkata mawe wa Tunduru, aliyenifundisha nusu ya ninayojua. Nusu nyingine nilibuni.

Kamsikiliza mwanafunzi wake. "Umelilaza kwenye maji?"

"Ya kahawa, mzee."

"Ya nini?"

"Kahawa."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akawa serious, sauti ya kazi. Akaniuliza kama nililamba, kama ulimi ulinasa. Nikasema ndiyo. "Basi lilikwambia lenyewe. Opali za Uhabeshi nyingi zinakunywa. Zina vitundu. Ukizilowesha, maji yanaingia, moto unajificha. Hazifi hivyo. Liache litoe maji polepole. Mbali na jua, mbali na moto, mbali na sabuni. Na mbali na wewe."

Na mafuta?

"Ukilipaka mafuta hayatoki tena. Ukilipaka, nakuja Mapera nikupake wewe."

Lini litarudi? Hajui. Pengine siku chache, pengine zaidi, hii baridi yenu haisaidii. Na rangi ya kahawa? Kasema maji yanatoka, rangi ni mkaidi.

Nimelifunga kwenye pamba, nimeliweka kabatini kwenye hewa, mlango wazi kidogo. Nimeifungia chupa ya mafuta kwenye sanduku, nimempa Filomena ufunguo. Najijua.

Ijumaa, 19 Julai

Limekuwa baya zaidi. Ukingoni limeanza kuwa jeupe, lakini weupe wa chaki, weupe wa jino bovu. Katikati bado chai.

Dismas amesikia. Soko zima limesikia, Filomena ana marafiki. Kaja na karatasi imekunjwa, ndani kuna opali ya kiwandani, imetoka mbali, inawaka kama taa za harusi. Ukubwa uleule. "Weka hii. Huyo mama anajua mbasa, jiwe atalijulia wapi?"

Nililishika. Nikaliweka kwenye kikombe cha pete. Likakaa.

Niandike kweli hapa kama sehemu nyingine siandiki. Nilitaka. Nililiangalia muda mrefu. Hata mwenyewe ningesahau, nikijipa mwaka mmoja.

Nikamrudishia. Si utakatifu. Nilimwona yule Mhabeshi anafumua pindo la shati, nikaona aibu mbele ya mtu nisiyemjua hata jina.

Dismas kasema mimi ndiye sonara wa kwanza duniani kushindwa kumdanganya mwanamke. Nikamwambia apeleke taarifa kwenye redio.

Jumapili, 21 Julai

Leo nilitakiwa Liuli na pete. Sikwenda.

Rhoda kapiga simu baada ya ibada yao. "Baba Sifa, mbona sikuoni?" Ndivyo anavyoniita, kwa kujisifu kwangu. Nikasema kazi nyingi, diwani, heleni. Kauliza jiwe. Nikasema liko salama salimini, linapumzika.

"Linapumzika?"

Mawe ya thamani hupumzika kabla ya kufungwa, nikasema. Ni utaalamu.

Kasema, "Haya." Akakata.

Mdomo huu ungekuwa ng'ombe ningekuwa nimeuuza.

Jumatano, 24 Julai

Kaja. Bila taarifa. Siku ya soko, kateremsha magunia yake ya usipa stendi, halafu nikaona khanga ya zambarau inakuja moja kwa moja kwenye kibanda changu. Wateja wawili wakasogea wenyewe. Mwanamke huyu akitembea watu wanampisha.

Nikaanza maneno. Karibu mama, kaa, za ziwa, baridi yetu unaionaje. Nikaagiza chai. Yeye akanyoosha kiganja.

Nikampa pamba.

Akafunua. Ndani kuna kitu cheupe, butu, kama kipande cha chokaa kilichodondoka ukutani. Alikitazama muda wa mtu kusali Baba Yetu polepole.

"Limekufa?"

"Limelewa," nikasema.

Hakucheka. Basi nikamwambia. Ndoo, ute, rozari ya mama, jua, Filomena, mafuta, Mzee Salumu, hata opali ya Dismas. Dismas alikuwa anasikiliza, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Nilisubiri anitukane kwa ajili ya ndoo. Ndoo hakuigusa. Kasema, "Jiwe ni jiwe. Hata mimi nililitia kwenye chumvi. Lakini Jumapili nilikuuliza, ukasema linapumzika. Yohana alikuwa akichana wavu, anakuja mlangoni ananiambia, mama, nimechana wavu. Tunakaa chini tunashona. Wewe ukichana utaniambia wavu unapumzika?"

Chai ikaletwa, nikamsogezea.

Akaikunja pamba vizuri, akanirudishia. "Kaa nalo. Likifufuka, lisipofufuka, mtajuana. Jumapili nakuja na gunia."

Kaondoka. Chai yake nimekunywa mimi. Ilikuwa chungu na nilikuwa nimeweka sukari.

Alhamisi, 25 Julai

Sina la kuandika. Nina huzuni. Kahawa imeanikwa.

Filomena kanipikia makande bila kuombwa. Kakaa nami. Kasema, "Kaka, mwanamke asiyekutaka hapandi mlima kuja kukugombeza."

Kumbe darasa la saba alilomaliza yeye lina maana.

Ijumaa, 26 Julai

Asubuhi, kabla ya kwenda shambani, nimefungua pamba.

Nukta moja. Nyekundu, ndogo kuliko jicho la dagaa, pembeni kabisa. Nikadhani ni macho yangu. Nikatoka nje kwenye mwanga. Ipo. Nikaligeuza, ikazimika. Nikarudisha, ikawaka.

Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Filomena kaja mbio na jembe, akidhani nimevamiwa. Tukainamia pamoja kile kitu kama watu wanaosoma barua ya serikali.

Sijalishika zaidi ya hapo. Nimelirudisha kwenye pamba. Mimi, kungoja! Nimengoja.

Jumamosi, 27 Julai

Limerudi lote. Kijani, nyekundu, bluu ya kina. Na mstari mweusi umetoka, ute wa kahawa ni ute wa kahawa, nitalisema hilo mpaka kaburini.

Lakini mwili si mweupe tena. Umekuwa wa asali, asali changa ya miombo. Moto unawaka ndani ya asali. Mzee Salumu kasema kwa simu ndiyo hivyo, hautatoka, na nisijaribu kuutoa. Sitajaribu. Nimeacha sayansi.

Nimelifunga kwenye pete bila moto. Nimesukuma ukingo wa fedha kwa chuma kidogo, pole pole, kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Kazi yangu bora. Ninasema hivyo bila sifa, na Filomena ni shahidi.

Nilishika simu nimpigie Rhoda. Nikaiweka. Macho yake yaone kwanza, mdomo wangu ungoje zamu.

Jumapili, 28 Julai

Wamekuja. Rhoda, Mwalimu Hezron, na gunia tupu limekunjwa vizuri chini ya kwapa.

Kwa Baba Mdogo Otmar. Rhoda kapiga goti, shikamoo kwa kila mzee, hakuruka hata yule kiziwi wa pembeni. Ugali, maharage, kuku, na usipa alioleta yeye mwenyewe. Baba Mdogo akala usipa. Akaongeza. Hakusema kitu kuhusu chanja.

Nikasimama. Nikasema yote mbele ya sengu, toka kopo la chumvi mpaka neno "linapumzika". Sikutia chumvi hata punje. Wazee walicheka pale kwenye ndoo, wakaacha kula pale kwenye simu. Nilipokaa, Baba Mdogo kasema ni mara ya kwanza kusikia hadithi ya Gaudens ambayo shujaa si Gaudens.

Nikamwekea Rhoda pete mbele yake, kwenye mkeka. Sikumshika mkono.

Hakuigusa. Alimwomba Filomena amwonyeshe ile ndoo. Ikaletwa. Kainusa. Ndipo akachukua pete, akatoka nayo nje uani kwenye jua, sisi wote shingo mlangoni. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Limekuwa la njano."

"Ndiyo," nikasema. "Halitoki."

Mwalimu Hezron naye katoka na miwani yake. Kaangalia. "Kinyonga kabadilika, kagoma kurudi," kasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona meno.

Rhoda kanitazama. Si kwa kunisamehe, wala si kwa kunichekea. Kama mtu anayepima kina kabla ya kushuka mtumbwini. "Kwangu lilikaa kwenye chumvi miaka yote, halikuchukua kitu," kasema. "Huku usiku mmoja tu. Limetangulia kula kwenu."

Akaivaa.

Filomena kapiga kigelegele kilichofika Kigonsera. Baba Mdogo kauliza habari ya Uanglikana na Ukatoliki, Mwalimu Hezron kasema hilo tuwaachie mapadri wao na wetu, wasikae bure. Wazee wakakubaliana kwamba mapadri wapewe kazi.

Gunia lilijazwa mahindi. Hakukataa. Si mjinga.

Nimefurahi. Sijui kuandika furaha, nimezoea kuisema.

Jumamosi, 3 Agosti. Liuli

Upepo wa mwera umetulia toka jana. Mitumbwi imeingia asubuhi, usipa wa kutosha.

Nimekaa karibu na Rhoda kwenye mchanga. Mwalimu Hezron anarekebisha uzio wa kuanikia na hataki msaada wangu, kasema atauhitaji uzio huu mwakani pia.

Jiwe hili ni laini kuliko mchanga, mchanga unalikwaruza. Chumvi, maji, mafuta ya samaki, vyote hapa ni adui zake. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu hilo njia nzima.

Haikuhitajika. Kabla hajaingiza mikono kwenye beseni alivua pete, akanipa bila kunitazama, akiendelea kuongea na mwenzake bei ya chumvi. Nikafumba kiganja.

Ameosha usipa beseni baada ya beseni. Watu wanapita, wananisalimia, naitikia. Kijana mmoja wa mitumbwi kaniuliza, "Mzee, umeshika nini humo?"

Nilikuwa na majibu mengi. Mererani, Tunduru, Uhabeshi, vitufe vidogo kuliko vumbi.

"Nimeshikishwa," nikasema. "Yaani, namshikia mama."

Joto la kiganja lipo kidogo, si la kudhuru. Jiwe limetulia. Alipomaliza, akasuuza mikono kwa maji safi, akaikausha kwa khanga, kidole kimoja kimoja, akanyoosha mkono kwangu.